Orodha ya Waliokula Nguruwe wa Kanja

Mwezi uliopita nilirudisha koti jeupe, funguo mbili na kikombe ambacho hakikuwa changu, nikatoka kwenye lango la hospitali nikiwa raia. Vijana wa maabara walinikatia keki. Mmoja wao akaniomba niwaandikie kidogo juu ya kazi, "ile ya zamani, Mzee, kabla ya mashine." Basi naandika, nimekaa kwenye veranda yangu hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu, mahali ambapo pikipiki hazimruhusu mstaafu kulala mchana. Juu ya vyeo sina la kusema. Vingine vilinifikia, vingine vikapita kando. Nitawaambia juu ya slaidi, juu ya watu wachache, na juu ya kosa langu moja ambalo halimo kwenye faili lolote.

Nilizaliwa Nchiru, upande wa Meru, wakati pale palikuwa na mashamba na vumbi tu, hakuna aliyeota chuo kikuu wala hosteli za wanafunzi. Nilipomaliza mafunzo ya maabara nilipangiwa Embu. Wagonjwa walizungumza Kiembu, mimi Kimeru. Tulielewana nusu, na nusu iliyobaki tukaimalizia kwa Kiswahili, kila mtu na chake.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vipya vyeusi. Mkuu wa maabara alikuwa Mzee Nthiga, Mmbeere mwembamba aliyeanza kazi akiosha chupa enzi za mkoloni, akasoma hadubini kwa kuchungulia nyuma ya wengine mpaka akawapita. Aliniangalia kutoka chini kwenda juu.

"Hizo viatu ni za harusi ama za kazi?"

"Za kazi, Mzee."

"Sawa. Kazi ndio hii." Akanisukumia trei ya choo.

Wakati huo mgonjwa alileta choo chake ndani ya kiberiti. Alikuja na kisanduku kidogo, amekifunga kwa uzi au jani la mgomba, anakiweka mezani kwa heshima kama mtu anayetoa sadaka. Nilijifunza mapema kutomwomba mtu yeyote moto pale korido. Asubuhi hiyo niliona mayai ya safura, ya askaris na ya minyoo mingine ambayo nilikuwa nimeiona kwenye vitabu pekee, na hadi saa saba nilikuwa nimeapa kutokula tena. Saa saba na nusu Mzee Nthiga alinipeleka kantini, akanitazama nikimaliza sahani ya githeri, akasema, "Utadumu."

Hadubini yetu haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo chini, na wewe uliitega dirishani ili ikamate mwanga wa jua. Julai, ukungu wa mlima uliposhuka, tulisoma slaidi tukiwa tumekunja nyuso, na wagonjwa wa malaria walisubiri mawingu yafunguke. Tulihesabu chembe za damu kwa punje za mahindi: punje nyeupe kwa aina hii, nyekundu kwa ile. Ninyi mnabonyeza kitufe, karatasi inatoka. Siwaonei wivu, lakini vidole vyangu vinakumbuka.

Mzee Nthiga alinifundisha mambo mengi kwa maneno machache. "Fomu ya daktari inakuambia yeye anafikiria nini," alisema. "Slaidi inakuambia kuna nini. Usisome moja ukiangalia nyingine." Siku moja, tulipokuwa hatuna kazi, alifungua droo yake, akatoa slaidi moja iliyofungwa kwa pamba. Ilikuwa kipande cha msuli wa binadamu, kimebanwa kati ya vioo viwili. Niliinamia hadubini. Katikati ya nyuzi za nyama palikuwa na mnyoo mdogo sana, umejikunja mara mbili na nusu ndani ya kifuko chake kama springi ya saa.

"Huyu ni nani, Mzee?"

"Trikinela. Anakaa kwa nguruwe wa msitu, kwa fisi, kwa chui, kwa kila mnyama anayekula nyama ya mwingine. Mtu akila huyo nguruwe kama hajaiva, mnyoo unazaa tumboni, watoto wanatembea na damu mpaka kwa misuli, wanalala hapo. Mgonjwa anavimba macho, mwili wote unauma, na akikosa bahati unaingia moyo." Akaifunga tena slaidi yake. "Ilikuwa ya mtu wa huku juu msituni, kabla ya uhuru. Unaweza kumaliza kazi yako yote usimwone mwingine."

Nilimwona mwingine nikiwa mwaka wa tano kazini.

Uwindaji ulikuwa umepigwa marufuku nchini miaka michache nyuma, na askari wa wanyamapori walikuwa wakali. Msimu ule wa mvua alilazwa mkulima mmoja wa Kanja, kule juu karibu na msitu, jina lake Ireri, mtu wa makamo, mzee wa kanisa, mwenye chai kidogo na kahawa kidogo. Kope zilikuwa zimevimba hata macho yakawa mistari miwili. Hakuweza kukunja ngumi wala kutafuna. Kule wadi walisema ni figo, halafu wakasema ni taifodi. Homa haikushuka kwa dawa ya figo wala ya taifodi.

Fomu ya damu ilinifikia mimi. Nilipaka slaidi, nikaitia rangi, nikaanza kuhesabu. Kuna chembe nyeupe za damu zenye punje nyekundu, eosinofili, ambazo kwa mtu mzima wa afya hupatikana mbili tatu tu katika mia. Kwa Ireri zilikuwa zaidi ya nusu. Nilidhani nimekosea. Nikahesabu upya, nikatia rangi slaidi nyingine, nikahesabu tena. Punje zangu nyekundu za mahindi zikaisha.

Nilimwita Mzee Nthiga. Alikaa pale kwa hadubini muda mrefu, kisha akaenda kwenye droo yake, akatoa ile slaidi iliyofungwa kwa pamba.

Daktari wa wadi alikuwa kijana kama mimi. Tulipomweleza alicheka kwanza. "Mnataka nimkate mtu mguu kwa sababu ya slaidi ya mkoloni?"

"Si mguu, daktari," alisema Mzee Nthiga. "Kipande kama punje ya mchele tu, kutoka kwa shavu la mguu."

Akakikata. Nilikibana mwenyewe kati ya vioo viwili, nikaisogeza slaidi polepole. Walikuwepo, watatu kwenye sehemu moja, wamejikunja. Nilipiga kelele. Nilitoka korido nikawaita manesi, nikamwita karani, nikamwita hata mpishi aje aone. Watu walipanga foleni kwenye hadubini yangu huku Ireri amelala wadini hawezi kumeza uji. Nalikumbuka hilo kwa aibu, ingawa si lenyewe ninalokuja kulisema.

Mgonjwa akapewa dawa ya minyoo na ya kupunguza uvimbe. Kazi iliyobaki ilikuwa kujua wengine, kwa sababu hakuna mtu anayekula nguruwe peke yake. Nilikwenda kitandani.

"Mzee Ireri, ulikula nyama ya nguruwe mwitu?"

"Mimi ni mtu wa kanisa," alisema kwa midomo iliyovimba. "Sijui nyama ya porini."

Mkewe, Mama Mbogo, alikuwa amesimama upande wa pili na chupa ya uji. Nilipotoka alinifuata hadi kwenye ukuta wa jiko la hospitali, akavuta leso yake mabegani.

"Daktari," aliniita, kwa kuwa kila mwenye koti jeupe alikuwa daktari, "ukiandika hiyo maneno, watamfunga."

"Mama, mimi si polisi. Nataka kujua nani mwingine ni mgonjwa, apate dawa. Hii itakuwa yangu na wewe."

"Yako na mimi?"

"Yangu na wewe."

Akaegemea ukuta. Kisha akasema yote. Nguruwe alikuwa ametoka msituni siku tatu mfululizo, akafukua ngwaci, yaani viazi vitamu, na nduma, shamba zima likawa kama limelimwa. Ireri akatega waya. Mnyama alikuwa mkubwa, wakagawana nyumba nne. Nyama nyingine ilichomwa siku hiyo hiyo, haraka haraka, kwa kuogopa harufu isifike barabarani. Nyingine ilipandishwa itara, ile dari ya vijiti juu ya moto, ikauke kwa moshi. Aliyekula zaidi ya wote alikuwa Njagi, kaka mkubwa wa Ireri. "Yeye hana mke, anakula kama mtu ametoka jeshi," alisema Mama Mbogo, na tukacheka kidogo. Akanitajia kila nyumba, kila jina. Niliandika kwenye karatasi, majina kumi na moja, na juu kabisa, kwa sababu nilipenda ripoti iliyokamilika, nikaandika: *aliyetega: Ireri.*

Mzee Nthiga aliiona karatasi ile mezani kwangu. "Gari letu linatoka gereji Jumatatu," alisema. "Utaenda na huyo mama. Mtatembea nyumba kwa nyumba kama wageni."

Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nilikuwa nimegundua ugonjwa ambao daktari hakuujua, na Jumatatu niliiona iko mbali kama Mombasa. Nikaenda kwa afisa wa afya ya umma, mtu mzuri mwenye haraka kama mimi. Hakuwa na gari pia. Akapiga simu hapa na pale, akarudi akitabasamu: amepata Landrova ya kuazima. Ilipoingia uani asubuhi ya Ijumaa nikaona ni ya askari wa wanyamapori, rangi ya kijani, askari wawili mbele na bunduki zao.

Ningeweza kukataa. Hilo ndilo ninalotaka mlielewe. Hakuna aliyenilazimisha. Nilisimama pale nikawaza, gari ni gari, wao watatupeleka tu. Mzee Nthiga alikuwa mlangoni mwa maabara. Alinitazama, akatikisa kichwa mara moja. Mimi nikajifanya natafuta nafasi ya kuweka sanduku langu la chupa za damu, nikapanda.

Tulipopita soko, askari mmoja akageuka. "Daktari, tunaenda kwa nani?"

Sikuwa najua njia za Kanja. Nikampa karatasi.

Aliisoma, akaisoma tena, akaikunja na kuitia mfukoni mwa shati. Nilimwona akiitia mfukoni. Nilisema, "Hiyo nitaihitaji," kwa sauti ya mtu anayemwomba mwalimu kalamu yake. Akaniambia, "Utapata."

Kanja walilijua lile gari kabla halijavuka daraja. Nyumba ya kwanza tulikuta sufuria motoni na mlango wazi, hakuna mtu. Ya pili, bibi kizee mmoja, cucu wa watu, aliyesema hajui Kiswahili, na nilipomjaribu kwa Kimeru akasema hicho ndicho hajui kabisa. Ya tatu kulikuwa na mama mwenye macho yaliyovimba, amejifungia ndani na wanawe wawili. Nilimwona kwa ufa wa mbao. "Mama, nimeleta dawa," nilimwambia. "Na hao wamebeba nini?" aliniuliza. Askari walikuwa wameshaanza kupekua jiko, wakatoka na vipande vya nyama kavu na waya. Nyumba ya Njagi ilikuwa imefungwa kwa kamba.

Tulirudi mjini bila hata chupa moja ya damu.

Ireri alitolewa hospitalini juma la pili, anaweza kutembea. Askari walimngoja langoni. Alihukumiwa kifungo cha miezi kadhaa, na mimi ndiye niliyeandika ushahidi, kwa mwandiko mzuri. Wengi wa wale wengine walipona wenyewe wakiwa mafichoni, maana waliokula kidogo huumwa kidogo. Yule mama wa ufa wa mbao aliletwa baadaye na mchungaji wake, yeye na wanawe, na wakatibiwa. Njagi alikimbilia kwa jamaa huko chini Mbeere. Alivimba, akaumwa, akawaambia wenyeji wake ni malaria. Moyo ukasimama akiwa anafunga mbuzi. Habari ilitufikia baada ya maziko.

Mama Mbogo alikuja maabara mara moja tu. Nilikuwa nimeinama kwenye hadubini. Hakupaza sauti.

"Ulisema ni yako na mimi," alisema, akaondoka.

Mzee Nthiga alikuwa kwenye sinki akiosha slaidi. Nilingoja anigombeze. Ningefurahi anigombeze. Aliendelea kufuta vioo kimoja kimoja kwa kitambaa chake, akavipanga, na alipomaliza akasema, "Ile damu uliisoma vizuri sana, Mwenda." Alistaafu mwaka uliofuata. Hatukuzungumza jambo hilo tena, na alipofariki nilibeba jeneza lake nikiwa bado sijamwomba msamaha kwa kutojibu ile ishara yake ya kichwa.

Baada ya hapo nilibadilika, lakini si haraka kama watu wanavyosimulia kanisani. Kwa miaka kadhaa niliacha kabisa kuuliza wagonjwa chochote. Nilisoma slaidi, nikaandika namba, nikarudisha fomu. Ni njia moja ya kutokosea, na ni uvivu vilevile. Kilichonitoa humo ni mzigo mwingine wa damu yenye punje nyekundu, safari hii kutoka familia ya upande wa Meru, karibu na msitu, wakati tayari nilikuwa na mvi. Niliomba ruhusa, nikaenda kwa miguu na nesi mmoja wa kwao. Tulikaa jikoni, tukanywa uji, tukaulizia mavuno. Na nikauliza swali ambalo sasa nawaachia ninyi: usiulize nani aliua, uliza nani alikula. Hilo la kwanza si la maabara. La pili linatosha kuokoa watu. Hatukuandika jina lolote zaidi ya yale ya kwenye chupa. Walitibiwa wote.

Na mkiwa hapo, waambieni watu mambo haya bila kuwahubiria. Nyama ya nguruwe mwitu ni hatari hata ikining'inia kwenye moshi mwezi mzima. Moshi unakausha nyama, hauui mnyoo. Chumvi pia haitoshi. Friji msiitegemee, minyoo mingine ya wanyama wa porini huvumilia baridi. Ichemshwe mpaka isibaki nyekundu hata kwenye mfupa. Matumbo na mifupa isitupiwe mbwa wala nguruwe wa nyumbani, ifukiwe, la sivyo mnyoo umepata njia mpya. Najua sheria inasema wasimle kabisa. Sheria ina watu wake wa kuisema.

Wiki moja baada ya keki yenu nilikwenda Kanja. Sikuwa nimekanyaga huko tangu ile Ijumaa. Ireri alifariki zamani, kwa uzee. Tangu atoke jela, akiugua alipita lango letu akaenda kutibiwa mbali. Mama Mbogo yupo. Nilimkuta uani akichambua maharagwe, mgongo umepinda, macho bado makali. Nilimwambia jina langu. Aliniambia nikae. Mkaza mwanawe akaleta chai.

Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nikayasema vibaya, nusu Kiswahili, nusu Kimeru: kwamba nilimwahidi, kwamba nilitoa karatasi kwa mkono wangu, kwamba nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua.

"Njagi alikuja hospitali," alisema.

Nilidhani amechanganya. "Hapana, Mama. Njagi alienda Mbeere."

"Alienda Mbeere baadaye. Hiyo Ijumaa alikuja kwenu asubuhi. Mimi ndio nilimtuma. Alikuwa ameanza kuvimba hapa." Akagusa chini ya jicho lake. "Nilimwambia, enda kwa yule Mmeru wa labu, hata usiogope, huyo ni mtu wa siri. Akafika mpaka kwa geti. Akaona gari ya game, ile ya kijani, imesimama hapo ndani, na wewe unapanda."

Kuku walikuwa wanakimbizana chini ya mti wa makadamia. Niliweka kikombe chini. Alikusanya maganda kwenye sinia, akayapepeta, akaniuliza kama nimestaafu kweli. Nikasema ndiyo.

"Na saa hii nani amebaki huko kwa labu?"

"Ni vijana, Mama. Wamesoma sana. Wana mashine."

"Wanajua kunyamaza?"

Nikamwambia nitawauliza.